Kichwa Kinawasha Baada ya Saluni: Namna ya Kumpata Mhusika, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaotafuta kinachowawasha kichwani hukwama mahali pamoja. Mtu anapaka mafuta mapya Jumamosi, kichwa kinaanza kuwasha Jumamosi hiyo hiyo, mafuta yanatupwa. Wiki inayofuata kinawasha tena, shampuu inatupwa. Anahamia saluni nyingine, anabadilisha geli, anaongeza mafuta ya kupoza. Kabati linabaki tupu na kichwa bado kinawasha.

Kosa liko kwenye saa. Mzio wa ngozi haujitokezi papo hapo. Kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu tangu kitu kiguse ngozi, kwa hiyo kinachowasha Jumamosi mara nyingi kilipakwa Alhamisi. Ndiyo maana anayehukumiwa huwa kile cha mwisho kupakwa, na mwenye kosa anabaki kwenye droo.

Kazi hii inachukua miezi miwili hivi. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja katikati ya safari, unaanza upya, hakuna njia ya mkato.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo. Kila siku andika tarehe, saa, ulichopaka, na mahali panapowasha: utosi, kisogo, nyuma ya masikio, kope, shingo.
- Simu yenye kamera. Lebo nyingi zina herufi ndogo kama punje za ulezi. Piga picha kisha kuza.
- Shampuu moja isiyo na manukato.
- Mafuta ya mgando ambayo kiambato chake ni kimoja tu, Petrolatum. Yale ya watoto yenye rangi ya waridi na harufu nzuri hayafai hapa, kwa sababu yamewekwa manukato.
- Beseni jeupe, jagi la lita moja na chupa tupu ya maji ya nusu lita.
- Glavu za nitrili. Glavu za mpira wa kawaida zenyewe huwasha baadhi ya watu.
- Kalamu ya wino ya kuchora duara mkononi.
- Siki nyeupe ya dukani, kama unasuka rasta.

## Acha mwongozo, nenda hospitali

Usianze majaribio yoyote ukiwa na dalili hizi: uso au midomo kuvimba, macho kufunga, kupumua kwa shida, malengelenge kichwani, usaha, homa, au tezi za shingo kuvimba na kuuma. Kupumua kwa shida baada ya kubandikwa nywele au kupakwa rangi ni dharura ya dakika hiyo hiyo, usisubiri kuche.

## Hatua ya 1: Jua unapambana na nini

Kuwasha si ugonjwa mmoja. Kabla ya kulaumu chupa, linganisha hali yako na hizi.

Kuungua. Kunaanza ndani ya dakika au saa chache, na kunachoma zaidi ya kuwasha. Kunaishia pale dawa ilipogusa. Wahusika wakubwa ni dawa ya kulainisha nywele, kalikiti na spiriti ya kinyozi. Hapa hakuna haja ya mwili kukataa kitu. Dawa kali humuunguza yeyote ikikaa muda wa kutosha.

Mzio. Unachelewa, unawasha zaidi ya kuchoma, na una tabia moja inayowapoteza watu: mara nyingi hauonekani zaidi kichwani. Ngozi ya kichwa ni nene, ya kope ni nyembamba. Geli au rangi iliyopakwa kwenye nywele inaweza kukuvimbisha kope, ikakutoa vipele juu ya masikio, kwenye paji la uso na pembeni mwa shingo, huku utosi ukiwa na nafuu. Mtu anatupa wanja na poda, kumbe mhusika yuko kichwani. Ukiona mistari ya vipele ikishuka shingoni kama njia ya maji, fikiria shampuu au kondishena.

Geli iliyokauka na kukatika. Unga mweupe mabegani si lazima uwe mba. Fanya jaribio la dakika moja: chukua punje mbili tatu za huo unga, weka kwenye kioo, dondoshea tone la maji, sugua kwa kidole. Zikiyeyuka na kuteleza, hiyo ni geli. Mba haiyeyuki, hubaki kama magamba laini. Geli hukatika hivyo hasa ikipakwa juu ya mafuta mazito, na dawa ya mba haitaisaidia.

Mapunye. Mabaka ya mviringo, nywele zimekatika karibu na ngozi, hasa kwa mtoto. Hii ni fangasi. Inaambukiza kwa mashine ya kunyolea na vitana, na hutibiwa kwa vidonge alivyoandika mtabibu, si kwa mafuta. Usipake krimu mchanganyiko za dukani zenye steroidi: zinatuliza mwasho kwa siku chache huku fangasi ikienea na sura yake ikibadilika, hata daktari anapata shida kuitambua.

Kusukwa kwa kukaza. Vipele vidogo vyenye maumivu kwenye mstari wa mbele na juu ya masikio, vinavyoanza usiku wa kwanza baada ya kusukwa. Fumua. Hakuna mafuta yatakayokusaidia wakati nywele bado zinavutwa.

Ukavu wa baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ya Mbeya, Njombe na Makambako ni kavu na ya upepo. Ngozi inakauka na kuwasha hata kwa asiyepaka chochote. Ongeza mzula unaovaliwa kutwa nzima bila kufuliwa, wenye jasho na mabaki ya mafuta ya wiki tatu. Fua mzula kwanza, kisha endelea na mengine.

*Umefaulu hatua hii ikiwa* unaweza kuandika sentensi moja kwenye daftari: inaanza baada ya saa ngapi, na iko wapi hasa.

## Hatua ya 2: Toa kila kitu mezani

Usitoe vya nywele tu. Toa kila kinachogusa kichwa: shampuu, kondishena, mafuta, geli ya kulazia nywele za mbele, dawa ya kupulizia, gundi, rasta ambazo hazijafunguliwa, wigi na kofia yake ya ndani, kitambaa cha kulalia, foronya na sabuni inayofulia hivyo vyote. Mwanaume atoe mafuta ya ndevu, piko na chupa anayopakwa kwa kinyozi kama anaweza kuipiga picha.

Piga picha mbele na nyuma ya kila kopo. Kile ulichopimiwa kwenye kopo la kitu kingine, bila lebo, weka pembeni na usikitumie tena. Pengine ni kizuri tu, lakini huwezi kuchunguza kitu usichojua kina nini.

Angalia pia tarehe. Alama ya kopo lililofunguka lenye namba, mfano 12M, inamaanisha miezi kumi na miwili tangu ulipofungua, si tangu uliponunua. Mafuta ya maua na matunda yakikaa wazi hubadilika kwa hewa na kuwa ya kuwasha zaidi ya yalivyokuwa mapya.

Neno kidogo kuhusu mafuta ya nazi. Chini ya nyuzi 24 hivi huganda, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hubaki bonge karibu mwaka mzima. Kuganda si kuharibika. Wengi huweka kopo juu ya jiko, mafuta yanapata moto kuliko wanavyodhani, kisha wanalalamika kuwa yanachoma. Weka kopo ndani ya kikombe cha maji ya moto, dakika tano zinatosha.

## Hatua ya 3: Soma lebo kama karani

Viambato hupangwa kuanzia kingi kwenda kidogo, mpaka vile visivyofika asilimia 1, ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote. Usidhani cha mwisho hakina madhara. Vihifadhi huwa mwishoni, na ndivyo vinavyoongoza kwa mzio pamoja na manukato.

Bidhaa zinazoingia kwa njia ya mipaka ya Tunduma na Kasumulu huwa na lebo za lugha mbalimbali, lakini majina ya viambato yenyewe hayabadiliki sana. Tafuta maneno haya kama yalivyoandikwa.

Manukato. Parfum au Fragrance. Neno moja hilo linaweza kuficha makumi ya viungo. Mengine hutajwa kwa majina: Limonene, Linalool, Citral, Geraniol, Eugenol. Ukiona Butylphenyl Methylpropional, jua kwamba Ulaya walikipiga marufuku kuanzia Machi 2022. Na usidanganywe na neno "Unscented": bidhaa inaweza kuwa na manukato ya kufunika harufu mbaya. Unachotaka ni "Fragrance Free", na bado usome orodha.

Vihifadhi. Methylisothiazolinone na Methylchloroisothiazolinone. Cha kwanza kimeondolewa Ulaya tangu 2017 kwenye bidhaa zinazobaki mwilini, kama geli na krimu, kwa sababu ya wingi wa watu waliopata mzio. Kundi la pili hutoa formalini kidogo kidogo: DMDM Hydantoin, Imidazolidinyl Urea, Diazolidinyl Urea, Quaternium-15.

Alkoholi. Hapa wengi hukosea. Alcohol Denat., SD Alcohol na Isopropyl Alcohol hukausha na kuchoma ngozi iliyochubuka. Lakini Cetyl Alcohol, Stearyl Alcohol na Cetearyl Alcohol ni nta laini za kulainishia nywele, na ni nadra kuwasha. Usitupe kondishena nzuri kwa kuona neno Alcohol tu.

Vya kwenye geli. Propylene Glycol huwasha ngozi yenye michubuko na baadhi ya watu wana mzio nayo. Kama iko kati ya viambato vitano vya kwanza na geli inachoma kwenye paji la uso, iweke kwenye orodha ya washukiwa.

Vya kwenye shampuu. Sodium Lauryl Sulfate ni kali, hukausha. Sodium Laureth Sulfate ni mpole zaidi, ingawa majina yanafanana kama pacha. Cocamidopropyl Betaine inasifiwa kwa upole, lakini ina watu wake inaowasumbua, hasa kwenye kope na shingo.

Vya kupoza. Menthol, Camphor, Peppermint Oil, Tea Tree Oil. Ubaridi ule haumaanishi kichwa kinapona. Unafunika mwasho kwa nusu saa, na kwa ngozi iliyokwisha kuchoka unaongeza ukali. Kauli ya "yakichoma ndiyo yanafanya kazi" imeharibu vichwa vingi kuliko geli zote za sokoni. Kuchoma ni ngozi inalalamika.

Piga mstari chini ya kila jina linalorudi kwenye kopo zaidi ya moja. Kama umebadilisha geli mara nne na zote nne zina kihifadhi kile kile, umeshajua kwa nini kubadilisha hakukusaidia.

*Umefaulu ikiwa* una orodha ya majina mawili hadi matano, si kumi na tano.

## Hatua ya 4: Pumzisha kichwa, wiki tatu kamili

Fumua. Ondoa rasta, wivingi, gundi. Kwa siku 21 kichwa kinaguswa na vitu viwili tu: shampuu yako isiyo na manukato na mafuta ya mgando, tena mafuta kidogo, kiasi cha punje ya harage kwa kichwa kizima. Ukitaka kusuka, suka nywele zako mwenyewe kwa mkono mlegevu, bila geli.

Wengi huacha siku ya tano kwa sababu mwasho umepungua. Kupungua si kupona. Ngozi iliyopata mzio huhitaji wiki kadhaa kutulia, na ukirudisha kitu kabla haijatulia, kila kitu kitawasha, hata kisicho na kosa.

### Suuza mpaka maji yashuhudie

Hii ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi Nyanda za Juu Kusini, na sababu inaeleweka: maji ya bomba ya asubuhi ya Julai yanakata vidole. Mtu anajimwagia jagi mbili, anajifunga taulo. Shampuu inabaki kwenye mizizi, inakauka, inawasha siku tatu.

Chemsha maji, changanya mpaka yawe ya uvuguvugu unaoweza kuvumilia kwenye mkunjo wa kiwiko. Kwa nywele zilizofumuliwa andaa lita 15. Changanya kijiko kimoja cha shampuu kwenye kikombe cha maji kabla ya kumimina kichwani, ili isikae bonge sehemu moja. Osha kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Suuza taratibu kwa dakika tatu, jagi kwa jagi, ukiinamia beseni jeupe, na usisahau nyuma ya masikio na kisogoni.

Maji ya mwisho yachote kwenye ile chupa ya nusu lita, nusu tu, funga, tikisa mara kumi. Povu likitoweka baada ya sekunde chache, umemaliza. Likisimama kama la bia, bado.

*Umefaulu ikiwa* mwishoni mwa wiki ya tatu kichwa kimekaa siku saba mfululizo bila mwasho mpya. Kama baada ya wiki tatu za kweli bado kinawasha vile vile, mhusika hayuko kwenye kopo zako. Fikiria fangasi, ugonjwa wa ngozi au foronya, na umwone daktari.

## Hatua ya 5: Jaribu mkononi, siku saba

Kazi hii unaweza kuianza wiki ya pili ya mapumziko, kwa sababu inafanyika mbali na kichwa. Ni kwa vitu vinavyobaki kwenye nywele tu: geli, mafuta, krimu, dawa ya kupulizia. Shampuu na kondishena hazikutengenezwa kukaa kwenye ngozi, ukizijaribu hivi zitakuwasha hata kama hazina hatia. Dawa ya nywele, kalikiti na piko usizijaribu kwa njia hii kabisa.

1. Chora duara la upana wa vidole viwili kwenye mkono wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Kitu kimoja mkono wa kulia, kingine wa kushoto. Visizidi viwili.
2. Paka tabaka jembamba asubuhi na jioni, mahali pale pale. Usifunike kwa plasta. Kufunika kunaongeza ukali na kukupa jibu la uongo.
3. Usioshe pale kwa saa kadhaa baada ya kupaka. Chora upya duara linapofutika.
4. Angalia kila jioni.

Namna ya kuangalia ina umuhimu wake. Vipeperushi husema "tafuta wekundu". Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, huenda usiuone kamwe. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, ilaze pembeni mwa mkono ili mwanga upite juu ya ngozi: vipele vidogo vitatupa vivuli. Kisha fumba macho, pitisha kidole kutoka nje ya duara kuingia ndani. Kama ndani ni pa kukwaruza, pamevimba au pamekuwa na joto, andika. Ngozi inaweza pia kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau.

Kitu kilichochoma kwa dakika kumi kikaisha ni ukali, si mzio. Vipele vilivyotoka siku ya tatu na kuendelea kuwasha ni mzio. Acha kupaka pale unapoviona, osha, usiendelee "kuhakikisha".

*Umefaulu ikiwa* siku ya saba ndani na nje ya duara hakuna tofauti. Kwa kitu unachokishuku sana, ongeza wiki moja. Waliofeli kwenye hatua hii karibu wote walipaka mara moja, wakasubiri saa moja, wakaamua kipo salama.

## Hatua ya 6: Rudisha kimoja kimoja

Chagua kitu unachokihitaji zaidi kati ya vilivyofaulu mkononi. Kitumie kichwani siku kumi, kikiwa peke yake pamoja na shampuu yako. Kikipita, ongeza cha pili, siku kumi nyingine. Shampuu na kondishena za zamani zijaribiwe hapa hapa, kwa kuosha kawaida.

Andika kila siku hata kama hakuna kitu. Siku isiyo na alama itakuchanganya baadaye: ulikuwa salama au ulisahau?

Mwasho ukirudi, kitoe cha mwisho kuongezwa, pumzika mpaka utulie kabisa, kisha kirudishe mara moja tu. Ukirudi tena, umempata. Kama mara ya kwanza ulivimba au ulitoa malengelenge, usirudishe, ushahidi umetosha.

## Rasta na gundi

Baadhi ya rasta zikilowekwa hutoa utando mweupe au maji yenye ukungu, mabaki ya kiwandani. Zikisukwa bila kuoshwa, kisogo na shingo huwasha kuanzia siku ya kwanza au ya pili.

Fungua mafungu bila kuyavuruga, yafunge kwa mpira juu. Kwenye lita tano za maji ya uvuguvugu weka kikombe kimoja cha siki nyeupe. Loweka dakika 30. Usitumie maji yanayochemka, rasta itajikunja. Suuza kwenye maji mawili masafi, kisha tundika. Hapa ndipo haraka inapoharibu: kwa baridi yetu rasta hazikauki kwa saa mbili. Zitundike usiku kucha ndani, zisukwe zikiwa kavu hadi katikati ya fungu. Rasta mbichi ndani ya mzula itanuka kabla ya wiki kuisha.

Siki ni ya rasta, si ya kichwa kilichochubuka.

Gundi nyeupe nyingi za kubandikia wivingi zina utomvu wa mpira, kwenye lebo Latex au Natural Rubber Latex. Mzio wake ni wa aina nyingine: unakuja ndani ya dakika, kwa uvimbe na vipele vya mabonge, na unaweza kubana pumzi. Sasa kuna jambo ambalo watu wa Rungwe na Njombe wanapaswa kulijua. Mwili unaokataa mpira wakati mwingine hukataa pia parachichi na ndizi, kwa sababu protini zake zinafanana. Kama midomo au koo lako huwasha ukila hivyo, usikubali gundi ya mpira kichwani, na mwambie daktari kabla ya upasuaji au kung'olewa jino, kwa ajili ya glavu.

## Dawa, kalikiti na piko

Dawa ya kulainisha yenye Sodium Hydroxide, au ile ya kuchanganya ambamo Calcium Hydroxide hukutana na Guanidine Carbonate, zote zina ukali wa pH 12 hadi 14, wakati ngozi ni kama 5.5. Neno "No Lye" halimaanishi haiunguzi. Na picha ya mtoto anayetabasamu kwenye boksi haibadilishi kilichomo.

Usiweke dawa ukiwa umejikuna, umetoka kufumua juzi, au umeosha kichwa jana yake. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi, masikio na mstari wa mbele. Dawa iguse nywele mpya tu, na iwe imepita wiki nane hadi kumi na mbili. Weka saa kwenye simu yako mwenyewe, usitegemee msusi mwenye wateja wanne. Ikianza kuchoma, iondolewe wakati huo huo. Kuungua kukitokea, ni maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, si siki wala ndimu. Ikiingia jichoni, maji dakika 20 kisha hospitali.

Kalikiti ina Ammonium Thioglycolate. Usiiweke juu ya nywele zilizokwisha kuwekwa dawa ya kulainisha, zitakatika kama nyuzi zilizooza.

Piko na rangi nyeusi. Kiambato cha kutafuta ni p-Phenylenediamine, huandikwa pia PPD au CI 76060. Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 2 kichwani baada ya kuchanganya, lakini unga unaopimwa kwa kijiko hauna wa kukuambia umefika ngapi. Mzio wake ukishaingia hauondoki, na kila ukirudia unaweza kuja kwa nguvu zaidi. Kama uliwahi kutoka malengelenge kwa maua meusi ya kuchorwa harusini, au ndevu ziliwahi kuvimba kwa piko, usipake tena na usijaribu hata mkononi nyumbani. Ambaye hajawahi kupata tatizo afuate jaribio la saa 48 lililoelezwa kwenye boksi, kila anaponunua. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa iendayo nyekundu, tena kwa saa kadhaa. Inayokuwa nyeusi kwa nusu saa imechanganywa.

Ya kunyoosha kwa pasi. Ukiona Formaldehyde, Formalin au Methylene Glycol, au msusi na mteja wakaanza kutokwa machozi pasi inapopita, toka nje upate hewa. Kuvaa barakoa ya kitambaa hakuzuii mvuke huo.

## Ukirudi saluni

Nenda na shampuu yako, kitana chako na taulo lako. Vitana vya saluni hubeba geli ya waliotangulia, na wiki mbili za kazi yako zinaweza kuharibika hapo. Sema mapema, kabla hujakaa:

"Dada, naomba unioshe kwa shampuu hii niliyokuja nayo. Usinipake geli wala mafuta, hata kidogo ya mbele. Na usinikaze."

Kwa mtu mzima: "Shikamoo mama. Ngozi yangu inasumbua, naomba tutumie vitu vyangu tu leo."

Akikujibu "vumilia kidogo, itazoea", simama. Mzio hauzoeleki. Kila mguso unaweza kuukuza.

## Jina likishapatikana

Liandike kwenye simu kwa herufi zilezile za kwenye lebo, pamoja na picha. Ukiwa madukani Mwanjelwa au Miyomboni, soma kopo kabla ya kulipa, siyo nyumbani. Lisome hata kama ni lile lile unalonunua siku zote: watengenezaji hubadilisha viambato bila kubadilisha rangi ya kopo.

Bidhaa iliyokuunguza usiitupe mara moja. Funga kopo na boksi lake kwenye mfuko, namba ya toleo ikiwa inasomeka. Daktari wa ngozi ataihitaji akitaka kukufanyia kipimo cha mzio kinachobandikwa mgongoni, na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, kwa hiyo malalamiko yapeleke huko. Bila namba hiyo ya toleo hawana pa kuanzia.